Baridi kwenye gemu la mezani: dadu za kitabuni, saa ya baridi au kuhesabu kuni? Tulinganishe

Msimulizi_Uyole
Wakuu habari za jioni, wa nyanda za juu poleni na kipupwe. Niende moja kwa moja kwenye mada. Kundi letu tunacheza D&D (Dungeons & Dragons) toleo la 5, ile gemu ya msimulizi kusimulia na wachezaji kuamua wahusika wao wafanye nini, na kampeni, yaani hadithi yetu ya vikao vingi, imefika nchi ya kaskazini yenye theluji, wahusika wanatakiwa wavuke mlima wapeleke dawa kijiji cha upande wa pili. Sasa mimi kama msimulizi sitaki baridi iwe maneno ya kupamba tu, nasema "kuna theluji na upepo mkali" halafu jamaa wanaendelea kukata mazimwi vichwa kama wako Kyela mwezi wa kumi na moja.

Nimeona njia tatu. Ya kwanza sheria za kitabuni: joto likifika nyuzi 18 chini ya sifuri, kila saa moja mhusika anarusha dadu ya ustahimilivu, asipofikisha 10 anakula leveli moja ya uchovu, na leveli ya sita ni kifo. Ya pili saa ya baridi, yaani unachora duara unaligawa vipande sita, kila jambo baya likitokea unapaka kimoja, likijaa balaa linalishukia kundi zima. Ya tatu kuhesabu vitu: kuni, nguo kavu, chakula, begi lina nafasi chache na kila usiku unakula kiasi fulani. Aliyeshatumia yoyote atiririke, ipi inaleta uhalisia bila kuchosha watu?

Kete_Ishirini
Mkuu hiyo ya kwanza ina tundu kubwa na wachezaji wako watalipata siku hiyohiyo. Soma vizuri kitabu cha 2014, mwenye nguo za baridi anapita moja kwa moja, harushi dadu kabisa. Kwa hiyo watanunua makoti na glavu mjini kabla ya kuondoka na baridi yako imekufa hapohapo. Na kwa asiye na koti inageuka ukatili, maana kwenye kitabu cha 2014 leveli ya tatu tu ya uchovu unarusha mashambulizi na kinga zote kwa hasara (dadu mbili, unachukua ndogo), na usiku mzima wa kupumzika unaondoa leveli moja tu. Toleo la 2024 wamelainisha, kila leveli inapunguza 2 kwenye dadu ya d20 (ya pande ishirini) na futi 5 za mwendo. Kwa cha 2014 ni ama hakuna baridi ama msiba, katikati hapana.

Mimi natumia saa. Kipande kinapakwa jua likizama, upepo ukigeuka, mtu akitumbukia majini, mkisimama bila moto. Mkiwasha moto mkala mnafuta viwili. Basi, hamna hesabu, na watu wakiona vipande vinne vimejaa wanaanza kuongea kwa sauti ya chini wenyewe bila kuambiwa.

BintiMakete
Nimecheka hapo kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Huku kwetu Kitulo, uwanda uko kama mita 2,600 hivi juu ya bahari, mwezi wa sita hadi wa nane asubuhi unakuta jalidi imetanda kwenye majani, ukikanyaga panalia, na hiyo ni sifuri na chini kidogo tu. Lakini muulize mchunga ng'ombe yeyote ni siku gani anaiogopa, hatakwambia ile asubuhi ya jalidi yenye jua, atakwambia siku ya manyunyu na upepo ambapo maji hata hayajaganda. Ukilowa umekwisha. Sweta la pamba likishaingia maji linakunyonya joto badala ya kukutunzia, na hapo kitabu kinasema mhusika yuko salama kwa sababu "ana nguo".

Kwa hiyo kaka Msimulizi, usiitupe ya kwanza, ongeza kitu kimoja tu: nguo ni kavu au zimelowa. Zikiwa kavu unapita kama kitabu kinavyosema, zikilowa huna nguo, na unarusha hata kama ni nyuzi 5 juu ya sifuri ili mradi kuna upepo. Zinalowaje? Mvua, kuvuka kijito, na JASHO. Hilo la jasho wengi hawalijui, mtu anapanda mlima na makoti matatu anajiona mjanja, akifika juu akasimama kupumzika, lile jasho ndo linamganda mwilini. Sasa mchezaji anakuwa na kitu cha kuamua, avue koti akiwa anapanda au akubali hatari.

Kinondoni_Finest
Nyie watu wa Mbeya kwani hamwezi kucheza kampeni za jangwani kama wenzenu

Dere_wa_57
@Kinondoni_Finest wewe ukija huku mwezi wa saba unalala na viatu, tunakujua.

Mimi nichangie kwenye upepo na kutoona, maana hapo ndo naona njia zote tatu zimepungukiwa. Napiga njia ya Chimala kupanda Matamba, ile tunaita Hamsini na Saba kwa ajili ya kona zake. Ukungu ukishuka pale huoni boneti ya gari lako mwenyewe, utingo anashuka anatembea mbele na tochi, tena anagusa ukingo wa barabara kwa mguu, wewe unafuata tochi tu, hufuati barabara. Nimesoma kwamba kwenye theluji inayopeperushwa na upepo ni hivyohivyo ila nyeupe kote, ardhi na mbingu havitofautiani, mtu anapotea kati ya hema na choo.

Kwenye gemu hiyo usiirushie dadu ya uchovu. Ondoa ramani mezani. Kweli kabisa, ikunje weka chini. Mchezaji akwambie anaelekea wapi, wewe msimulizi unarusha dadu kwa siri kujua wameelekea wapi kweli, na usiwaambie. Akitaka uhakika afunge kamba kwa mwenzake, atume mmoja mbele, kila kitu kinakula muda, na muda ndo unapaka ile saa ya Kete_Ishirini.

Nesi_wa_zamu
Nimeingia kusoma nikajikuta nabaki, wagonjwa leo wamepungua. Niseme upande wa mwili, maana mnazungumzia uchovu wakati baridi ya kweli inaanza kwenye akili.

Joto la mwili la kawaida ni kama 37. Likishuka chini ya 35 mtu anatetemeka sana, vidole havishiki, anashindwa kufunga kifungo. Kuelekea 32 anaanza kuongea kama mlevi, anajikwaa, anagombana na wanaomsaidia. Chini ya 32 mtetemo unakuja kukoma. Na wengine wakifika hatua mbaya wanavua nguo wenyewe, wanahisi joto. Kwa hiyo msimulizi ukimwambia mchezaji wako kwa upole "umeacha kutetemeka sasa, unajisikia afadhali" atafurahi kweli na kuendelea na safari, na aliye mezani anayejua atashika kichwa. Hiyo ni tamu kuliko kumwambia umepata leveli ya pili.

Pombe pia. Najua lazima kutakuwa na mhusika ana kibuyu cha ulanzi kiunoni anasema anapasha mwili. Pombe inafungua mishipa ya damu ya kwenye ngozi, unasikia moto lakini joto la ndani ndo linatoka nje. Mpe ujasiri kwenye dadu moja halafu mpakie kipande cha ziada.

Na maji ya barafu, hapo kitabu kimepotea njia kabisa. Eti unakaa dakika sawa na pointi zako za ustahimilivu kabla ya kudhurika, kwa hiyo shujaa wa 16 anaogelea robo saa anapiga mluzi. Ukweli wanaofundisha waokoaji ni 1-10-1: dakika moja ya kuhema ovyo, hapo ukivuta maji unazama, dakika kama kumi mikono inafanya kazi, kama saa moja kabla ya kupoteza fahamu. Wengi wanakufa mapema kwa kuzama, baridi yenyewe haijapata hata nafasi ya kuwaua. Raundi ya kwanza mchezaji asiruhusiwe kufanya chochote zaidi ya kutuliza pumzi.

Mwisho jamani, jiko la mkaa. Usiku wahusika watajifungia hemani au pangoni na moto, waziba kila tundu. Mkaa kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi, kichwa kinauma, usingizi mzito, asubuhi hawaamki. Hii haihitaji theluji, huku nyanda za juu kila kipupwe tunaihubiri. Iweke kwenye gemu labda mtu atakumbuka nyumbani.

Kete_Ishirini
Sista hiyo ya jiko naichukua leo leo. Ila hapo kwenye kumficha mchezaji hatua yake, mimi wangu watagoma, wanataka kuona namba.

Nesi_wa_zamu
Wasigome, wape wenzake namba, yeye mwenyewe asipewe. Hata wodini ndivyo ilivyo, anayeganda ndo wa mwisho kujua.

Mwalimu_Mufindi
Nimesoma yote, mmeandika vizuri, ila mtanisamehe, mimi nacheza na vijana baada ya kazi, tuna saa mbili tu na umeme wenyewe hauaminiki. Mkichanganya saa, nguo kavu, kuni, dadu za siri na joto la mwili, jioni imeisha bado tunafungasha mabegi. Ya tatu niliifuta kabisa, kuhesabu kuni ni kazi ya karani. Saa ya kundi nayo ina dosari moja Kete_Ishirini hajaisema: aliyelowa na aliye mkavu wanaumia sawa, kwa hiyo mzembe anabebwa na wenzake.

Nachofanya ni hiki. Hali ya hewa siirushi upya kila siku, maana unapata jua, tufani, jua, tufani, haiko hivyo. Narusha d6 (dadu ya pande sita) asubuhi: 1 inazidi hatua moja, 6 inatulia hatua moja, katikati inabaki kama jana. Wachezaji wanaanza kusoma mawingu, wanabishana wakae siku nyingine au waondoke, na mjadala huo ndio mchezo. Juu ya hapo kavu au lowa ya BintiMakete, nukta. Ukipanda mlima ondoa kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000, inatosha.

BintiMakete
Mwalimu kuni usizifute bana, angalau fungu moja la kuni kavu. Kuokota kuni kwenye theluji utaokota lakini zitawaka? Hata za miti ya mbao huku kwetu zikishinda mvuani unapuliza mpaka macho yanatoka. Na kwenye theluji maji ya kunywa ni kuni hizohizo, lazima uiyeyushe motoni, maana ukila theluji mbichi unajipoza kutoka ndani.

Msimulizi_Uyole
Aisee shukrani zenu, nimepata zaidi ya nilichouliza. Nimeamua hivi: kavu au lowa kwa kila mhusika, saa ya vipande sita kwa kundi lakini aliyelowa kila kipande kinamhesabia mara mbili, hapo Mwalimu nadhani nimekujibu. Ramani nakunja kama dere alivyosema. Fungu la kuni ni moja, likilowa limelowa. Barafu ya ziwa nimesoma ile ngumu ya kung'aa sentimita 10 inabeba mtu kwa miguu, nyeupe ni dhaifu zaidi, kwa hiyo nitawaelezea rangi tu halafu waamue wenyewe. Jiko la mkaa naliweka kwenye kibanda cha mwindaji, usiku wa pili, kipo tayari na kina joto.

Kinondoni_Finest
Nimo kwenye hilo kundi lake, sasa nimeshajua kibanda kina nini, mhusika wangu analala nje

Nesi_wa_zamu
Nje na nguo kavu au zimelowa?

Msimulizi_Uyole
Alianguka kijitoni kikao kilichopita. Hakubadilisha.