Gari lilinadiwa, sasa hukumu ya korti imenifunga CRB

Mvita_Kimya: Salaam aleikum jamani. Probox yangu ya kupakia abiria Kisauni ilikokotwa mwaka jana kwa mkopo. Deni lilibaki 410,000, mnadani ikauzwa 260,000. Nikajua yamekwisha. Juzi naomba mkopo kwenye sako naambiwa nimeorodheshwa CRB, ile ofisi inayotunza rekodi za wakopaji, na kuna hukumu ya salio pamoja na gharama. Sikusikilizwa hata siku moja. Jina linatokaje? Silali.

Bi_Tudor: Pole mwanangu. Tuktuk ya mume wangu ilichukuliwa pale Kongowea na kreti zangu nne za nyanya ndani. Nilibaki nimeshika kikapu. Deni la riba halina baraka, tangu siku ile sikopi.

Karani_Mstaafu: Gari likiuzwa chini ya deni, salio bado ni lako. Samansi, yaani wito wa korti, uliipata?

Mvita_Kimya: Hakuja mtu kwangu.

Karani_Mstaafu: Sikuuliza kama alikuja mtu.

Mvita_Kimya: Ilikuja faili WhatsApp usiku, nambari siijui. Nikafungua, nikaona muhuri na jina langu kwa herufi kubwa, nikafunga. Matapeli wamezidi, ningejuaje?

Karani_Mstaafu: Hapo ndipo penye kesi yako. Tangu 2020 kanuni zinaruhusu samansi kupelekwa kwa WhatsApp. Unaweza kuomba hukumu itenguliwe, ila njoo na utetezi wa maana. Dai hesabu ya mnada: gari lilithaminiwa ngapi, liliuzwa ngapi, gharama ni zipi. Kila siku unayokawia inakuumiza.

Mvita_Kimya: Kuna kijana Mwembe Tayari nimempa 5,000 afute jina. Ana watu wake huko, kaahidi Ijumaa.

Shamsa_Changamwe: Ndugu yangu, hizo zimeliwa! Anayepeleka taarifa CRB ni mkopeshaji, na kosa likiwepo yeye ndiye wa kulisahihisha. Ripoti yako unapewa bure mara moja kwa mwaka, anza nayo. Tena alipaswa kukupa notisi ya siku 30 kabla ya kukuorodhesha. Na hata ukilipa, historia ya kushindwa hukaa miaka mitano.

Mvita_Kimya: Miaka mitano watoto wale nini? Kijana angalau kanipa tarehe.

Baharia_Likoni: Ngojeni. Mwezi jana huyu huyu aliuliza bei za ploti Mtwapa. Mwenye deni ananunua ploti? Hadithi hii imetungwa.

Bi_Tudor: Kumbe! Na mimi nimetoa ya moyoni.

Mvita_Kimya: Sinunui, nauza. Ni ya mamangu, na hajui kama nimeuliza bei. Nilitaka niuze nilipe kabla hajasikia neno korti.

Karani_Mstaafu: Usiiguse ploti ya mama. Nambari ya kesi unayo?

Mvita_Kimya: Iko kwenye ile faili. Sijaifungua tena tangu usiku ule.

Karani_Mstaafu: Ifungue sasa. Asubuhi nenda nayo masijala ya korti, uombe kuliona jalada la kesi.

Mvita_Kimya: Nimeifungua. Kurasa kumi na moja. Nasoma.