Profaili za DECT kwenye testa: mkono wa simu haushiki, besi yasoma pawa ndogo

mwembetayari_fundi

Asalaam aleikum wazee na kina dada. Niko Mombasa hapa Mwembe Tayari, twatengeneza simu za mezani na hizi kodlesi (zisizo na waya, mkono na besi yake) za mahoteli, Nyali mpaka Bamburi na wakati mwingine Diani. Bosi ameleta testa ya DECT, huo mfumo wa redio wa kodlesi, ya mtumba, ya zamani kidogo lakini nzima, yawaka na yajikagua yenyewe bila kulalamika. Shida ni profaili, yaani mipangilio ya kupimia iliyohifadhiwa ndani. Ndani nimekuta moja tu aliyoiacha mwenyewe wa kwanza na kila kifaa kikija chapimwa kwa hiyo hiyo, sasa majibu hayaeleweki. Mkono wa simu nikiutia kwenye boksi la chuma testa yakaa tu, yasubiri, mwishowe yasema hakuna kifaa. Besi yashika vizuri lakini pawa (nguvu ya kutuma) yasoma 9.5 dBm na hii besi imetoka hotelini ikifanya kazi, watu wazungumza nayo kutoka mapokezi mpaka ufukweni, haiwezi kuwa dhaifu hivyo. Halafu kuna mikono mingine mteja kaipata kwa mzigo wa kontena, hiyo haionekani hata ufanye nini.

Naomba mnieleze profaili hujazwa vipi haswa, na je kila modeli lazima iwe na yake? Menyu yaniuliza aina ya kifaa, bendi, RFPI, chaneli, sloti, pawa inayotarajiwa, upotevu wa njia, na mipaka ya kufaulu. Upotevu wa njia uko ziro.

RF_Kilindini

Wa aleikum salaam kijana wangu. Naam, kila modeli na yake, tena mbili mbili, moja ya besi moja ya mkono, kwa sababu testa yafanya kazi mbili tofauti kabisa. Ukipima mkono testa ndiyo yawa besi, yatangaza hewani na mkono wasikiliza mpaka ujifunge kwayo. Ukipima besi mambo yageuka, testa yawa mkono, yasikiliza besi kwanza kisha ndiyo inayoita. Hiyo profaili uliyorithi kwa maelezo yako ni ya besi, ndiyo maana besi yashika. Mkono nao umekaa wasikiliza, testa imekaa yasikiliza, hakuna anayeanza.

Ukishabadilisha aina ya kifaa bado kuna jambo moja, mkono uingie modi ya testi. Mkono wa kawaida hutafuta besi yake iliyosajiliwa tu, ukiona RFPI ngeni, yaani namba ya utambulisho ya besi nyingine, wapita. Modi ya testi huingiliwa kwa vitufe au menyu ya siri na kila kampuni ina yake, kwa hivyo tafuta kitabu cha mafundi cha modeli hiyo, usibahatishe vitufe, kuna mikono ukikosea yafuta kalibresheni yote na hapo utalia. RFPI yenyewe ni namba ya biti 40, yaani herufi na tarakimu kumi ukiiandika kwa heksa. Kwenye profaili ya mkono weka yoyote ya kwako ya majaribio. Kwenye profaili ya besi lazima iwe ya besi ile ile, mara nyingi iko kwenye stika chini yake, na testa zingine zaisoma zenyewe hewani.

Chaneli: bendi yetu ni 1880 mpaka 1900 MHz, chaneli 10, na zahesabiwa kwa kushuka, hili huchanganya watu sana. Chaneli 0 ndiyo ya juu, 1897.344, na 9 ndiyo ya chini, 1881.792, kila moja imepishana na mwenzake 1.728 MHz. Pima juu, katikati na chini, usipime moja ukaridhika. Sloti, yaani zamu za kutuma, ziko 24 ndani ya fremu ya milisekunde 10, 12 za mwanzo ni za besi na 12 za mwisho za mkono, kwa hivyo besi ikiwa sloti 4 mkono utajibu sloti 16. Hapo mjini maofisi ya jirani yana kodlesi zao, funga boksi vizuri, la sivyo utapima simu ya mtu mwingine.

Pawa sasa. DECT yaruhusiwa 250 mW, ndiyo 24 dBm, lakini ni ndani ya mpigo wenyewe, pale kifaa kinapotuma. Kwa wastani haifiki hapo hata kidogo kwa vile kifaa chatuma sloti moja kati ya 24, ukiweka mita ya kawaida ya wastani utaona kama 10 mW tu. Testa ya DECT yapima ndani ya mpigo, kwa hivyo 9.5 yako si wastani, ni ile ziro uliyoikuta kwenye upotevu wa njia. Antena ya boksi, kebo na viungio vyote vyala ishara na testa haijaambiwa. Chukua besi moja unayoiamini, ipime kwa kebo moja kwa moja kwenye soketi ya antena, halafu ndani ya boksi. Tofauti ndiyo namba ya kujaza.

mwembetayari_fundi

Shukran sana mzee wangu, Mungu akuzidishie. Nimefungua besi, kwa kebo yasoma 23.5, ndani ya boksi 9.5, kwa hivyo nshaweka 14 dB na sasa boksi latoa jibu sawa na kebo. Mkono nao nimepata menyu yake, umeshika mara moja! Je hiyo 14 naitumia kwa mkono pia? Na mbona nikifunga mfuniko tena pawa ya besi yaruka, yashuka kama 3 dB halafu yarudi yenyewe?

binti_wa_likoni

Kaka hiyo 14 usiihamishe. Mkono una antena yake na walala kwenye boksi vingine, pima upya kwa mkono mzima wa modeli hiyo hiyo, kisha weka alama kwenye povu la boksi mkono ulale pale pale kila siku. Sisi tumekata povu kwa umbo la kila modeli, tangu hapo namba hazitangitangi tena. Kuruka kwa besi huenda ni antena zake mbili, besi nyingi huchagua yenyewe ile inayosikia vizuri. Ifungie antena moja kwenye modi ya testi, upime, kisha uhamie ya pili, na zote mbili ziandikwe kwenye profaili kama hatua mbili tofauti. Hapa pwani msije mkaidharau hii wallahi, hewa ya chumvi hula kile kibati cha mguso wa antena, unakuta moja nzima moja imeota kijani, mteja alalamika simu yakatika upande mmoja wa jengo na fundi akipima antena nzuri asema hakuna kitu.

La pili, upotevu wafanya kazi pande zote. Ukipima usikivu, yaani kifaa chasikia ishara dhaifu kiasi gani, wataka -83 dBm ifike kwenye kifaa, na kama njia yala 14 basi testa itoe -69. Testa zingine zina sehemu mbili, ya kuingia na ya kutoka, watu hujaza moja wakasahau nyingine halafu kila simu yaonekana kiziwi. Angalia yako.

La tatu ndilo naliona kila mahali, idadi ya fremu. Kwa usikivu kifaa huambiwa kirudishe data kama ilivyoingia, testa yahesabu biti zilizoharibika, na mpaka wa kufaulu ni 0.001, biti moja kwa elfu. Kila fremu ina biti 320 za data. Mtu aweka fremu 10 ili mambo yaende haraka, hizo ni biti 3,200, kwa hivyo makosa matatu yafaulu na manne yafeli, simu ile ile asubuhi yapita jioni yaanguka. Weka fremu 100 angalau, ni sekunde moja tu, upate biti 32,000. Mteja amelipa pesa yake, sekunde moja ni haki yake.

AbuSwaleh_frikwensi

Nimesoma vizuri maelezo ya mzee na ya dada, mimi nagusa ile mikono ya kontena tu kwa sababu jambo hili laniuma. Geuza uangalie nyuma, kama imeandikwa DECT 6.0 ni ya Marekani. Watu waiuza kama toleo jipya zaidi, si kweli, ni jina la soko la kule. Hiyo yatumia 1920 mpaka 1930 MHz, chaneli tano, ndiyo maana testa yako iliyowekwa bendi yetu haiioni kamwe. Testa yako ikiwa na chaguo la bendi ya Marekani utaiona, lakini boksi liwe limefungwa, na pawa ya kutarajia ishushe, yao ni ndogo, karibu 100 mW.

Ila ndugu yangu usiitengeneze irudi hotelini. Hapa kwetu kuanzia 1920 ndipo simu za mkononi za 3G hupandishia mawimbi kwenda mnarani, mpaka 1980. Mnara unasikiliza simu dhaifu ya mtu aliye mbali, halafu jirani yake kuna besi yapiga kelele hapo hapo mchana na usiku, watu wa mtaa mzima simu zao zakatika na hawajui sababu. Na vifaa vya redio Kenya lazima viwe vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, hivi havitapita. Kuibadilisha bendi kwa famwea pia usithubutu, filta na antena zimetengenezwa kwa kule.

mwembetayari_fundi

Ni kweli kaka, nyuma imeandikwa hivyo hivyo. Nimefanya profaili ya bendi ya Marekani boksi likiwa limefungwa na moja imeonekana, yasoma 19.6 dBm kwenye 1924.992. Bosi amempigia mteja na kumweleza, ataichukua mikono yake yote na tumemshauri anunue ya bendi yetu. Ile besi ilikuwa antena kweli dada, ya pili iko chini kwa 3 dB, nimesugua mguso wake kwa kifutio na zimelingana. Sasa nina profaili nne zilizo na jina la modeli, upande na tarehe. Masafa tu yanisumbua, asubuhi besi yatoka kwa +30 kHz, mchana +12, ni ile ile.

RF_Kilindini

Hiyo testa ndiyo bado baridi. Iwashe nusu saa kabla ya kusoma masafa, na kama ina tundu la rejea ya nje ya 10 MHz (masafa sahihi ya kujilinganisha) tumia. Mpaka ni 50 kHz kila upande, kwa hivyo uko ndani, lakini kristali ya besi usiiguse mpaka testa ipate joto. Kwenye mipaka jaza pia mtikisiko wa modulesheni, yaani masafa yasogea kiasi gani yakibeba data, wa kawaida 288 kHz, usishuke chini ya 202 wala kuvuka 403. Na hizo profaili nne ziandike kwenye daftari leo leo. Testa za umri huo zina betri ndogo ya memori ndani, ikifa, stima ikikatika mara moja tu zote zimekwenda. Ukifungua kuibadilisha tafuta ya volti ile ile.