Skani ya moyo inasema dawa imesambaa sawa kuta zote, daktari bado ana wasiwasi. Iweje?

mtoto_wa_baraza:
Wakuu habari za saa hizi. Mzee wangu ana miaka 67, ana sukari na presha, akipanda ngazi mbili tatu kifua kinambana. Wiki iliyopita kafanyiwa ile skani ya moyo ya dawa ya mionzi, wakamkataza chai na kahawa tangu jana yake (alinuna huyo, mzee wa kahawa chungu), akachomwa sindano, akapewa maziwa anywe, akalazwa chini ya mashine mikono juu ya kichwa. Ripoti imekuja dawa imesambaa sawasawa kuta zote, tukashangilia. Sasa daktari anasema hajaridhika, anataka mzee apitishiwe waya waangalie mishipa. Kama damu inafika kote huo waya wa nini, au ndo tunapigwa hela?

fundi_kamera:
Mkuu usikimbilie kusema mnapigwa. Mimi nakaa nyuma ya hizo kamera kila siku, na watu wengi hawajui kwamba ile picha haikwambii damu ni kiasi gani, inalinganisha ukuta na ukuta tu. Kompyuta inatafuta sehemu inayong'aa kuliko zote, inaipa asilimia 100, zingine zote zinapimwa kwa hiyo. Sasa ateri zote tatu kubwa zinazolisha moyo zikiwa zimebana kwa kiwango kinachokaribiana, kila ukuta una njaa na picha inatoka safi. Ukame ukipiga shamba zima mahindi yote yanadumaa kimo kimoja, utasema lipi fupi? Na mwenye sukari ndo tunayemhofia zaidi kwa hilo. Angalieni kwenye ripoti kama moyo ulitanuka au nguvu ya kusukuma ilishuka kwenye picha za baada ya dawa ya kuuchochea (adenosini).

mtoto_wa_baraza:
Duh. Kwa hiyo hamna kipimo cha kutoa namba kabisa?

kapilari15:
Kipo, PET, skani nyingine ya dawa za mionzi, shida ni upatikanaji. Pale hawapigi picha moja mwishoni, wanarekodi tangu sekunde dawa inapoingia, wanaangalia inavyopanda na kushuka kwenye damu ndani ya chemba ya moyo, na inavyonaswa kwenye msuli, hesabu inakuja kwa mililita kwa dakika kwa kila gramu ya msuli. Ukipumzika ni kama 0.6 mpaka 1, ukipewa adenosini ya kufungua mishipa inatakiwa ipande mara mbili na nusu, tatu na zaidi. Isipofika hata mara mbili kuna jambo, hata kama kuta zote zinafanana. Ila dawa zake zinakufa haraka: rubidiamu 82 inabaki nusu kila sekunde 76, maji ya oksijeni 15 kila dakika 2, amonia ya naitrojeni 13 kila dakika 10, maana yake saiklotroni (mtambo wa kutengeneza hizo dawa) iwe jirani, au kwa rubidiamu muwe na jenereta yake, kile chombo cha kuizalisha hapohapo. Teknetiamu ya huku kwetu, ya skani kama ya mzee, ina masaa 6 ndo maana inasafirishika.

Maabara tulifundishwa njia ya zamani ya kupima damu ya msuli wa moyo kwa kondoo na mbwa, mi naipenda kwa sababu hesabu yake unaiona kwa macho. Vishanga vya mionzi vya maikroni 15 vinapigwa chemba ya moyo ya juu kushoto, ni vinene kuliko kapilari (vimishipa vyembamba kuliko vyote) kwa hiyo vinakwama mzunguko wa kwanza tu. Wakati huohuo sirinji inavuta damu ya ateri, tuseme mililita 10 kwa dakika. Damu ya sirinji ikisoma mionzi 5000 kwenye kihesabio, na gramu moja ya msuli ikasoma 500, basi hiyo gramu ilikuwa inapata mililita 1 kwa dakika. Moyo unakatwa vipande, tabaka la ndani mbali la nje mbali, kila kimoja na namba yake. Kwa binadamu sahau, huwezi kumkata mtu moyo.

kijiwe_cha_kati:
Na kahawa ilikosa nini jamani?

fundi_kamera:
Kafeini inakaa pale adenosini inapotakiwa kukaa, mishipa haifunguki, kipimo kimeharibika. Na maziwa ni ya kuisukuma dawa itoke kwenye ini, isije ikang'aa ikafunika ukuta wa chini wa moyo.

mtoto_wa_baraza:
Nimerudi kusoma ripoti, ukurasa wa pili kwa maandishi madogo: moyo umetanuka kiasi baada ya adenosini. Sisi tuliishia ukurasa wa kwanza. Jumanne tunampeleka, kahawa kashaanza tena tangu juzi.