Umaarufu wa michezo ya kuigiza wahusika ya watunzi huru: tupime kwa dola za Kickstarter au kwa nini?

Dadu_Sita: Wakuu, nataka kupanga michezo ya mezani ya kuigiza wahusika kwa umaarufu. Kickstarter, tovuti ambako watu huchangia mradi kabla haujatoka, takwimu zake ziko wazi, ila nikipanga kwa dola, vitabu vya bei kali vinameza orodha yote. Nyie mnapimaje?

Mchezeshaji: Dola weka pembeni, anza na wachangiaji. Mchezo wa Avatar Legends mwaka 2021 ulivuna zaidi ya dola milioni 9.5 kwa watu 81,567, wastani wa kama dola 117 kila mmoja. Blades in the Dark, 2015: dola 179,280, watu 3,925, wastani kama 46. Pengo hilo la wastani ni majalada maalumu, dadu na kadi, wala si mapenzi. Kisha pitia viwango vya kuchangia kimoja kimoja. Wa dola 1 waondoe, wengi wanafuatilia taarifa tu. Maduka yahesabu peke yake, maana duka moja hubeba nakala kadhaa. Kwa kampeni za zamani kama hizo, aliyenunua baada ya kufungwa hayumo kwenye hesabu hiyo.

kalamu_na_karatasi: Sawa, lakini hapo umepima hamu ya kununua. Vitabu kibao vinafika na kukaa kwenye rafu. Angalia mwaka mmoja baada ya vitabu kufika: kuna matangazo ya kutafuta wachezaji? Watu bado wanauliza maswali ya kanuni? Watunzi wengine wameazima mfumo? Blades ndiyo mfano wangu: 3,925 ni wachache, ila leseni yake huria imezaa ukoo mzima wa michezo inayojiita Forged in the Dark. Hilo dola hazikuonyeshi.

Mchezeshaji: Kweli. Ila usihesabu kijuujuu lebo ambazo watunzi hubandika michezo yao kwenye itch.io, tovuti ya kuuza na kugawa michezo, rasimu za kurasa mbili nazo zimo.

Zari20: Na itch.io kuna mtego wa vifurushi. Kile cha Juni 2020 cha kupinga ubaguzi wa rangi kilianzia dola 5, kikachukuliwa na watu zaidi ya 800,000, ndani mna vitu zaidi ya 1,700. Kumiliki mchezo kwa njia hiyo hakuna maana yoyote kwenye hesabu yako. DriveThruRPG, duka la mtandaoni la michezo hii, ni afadhali: medali zake zinafuata mauzo, fedha ni zaidi ya 100, dhahabu zaidi ya 500, platinamu zaidi ya 1,000. Unapata ngazi tu, namba kamili hupewi. Takwimu za Roll20, jukwaa la kuchezea mtandaoni, nazo zinapunja michezo isiyohitaji ramani, kwani kundi linaweza kuicheza kwa simu ya video tu.

Dadu_Sita: Na vijitabu vya Zine Quest, ile kampeni ya Kickstarter ya vijitabu vidogo vya michezo hii?

Zari20: Jedwali lake peke yake. Kijitabu cha dola 10 ukikiweka karibu na jalada gumu la dola 50, hata idadi ya wachangiaji itakudanganya: bei ndogo inavuta wa kujaribu.