Matembezi ya boti Tanga: bei iwe ya kichwa au ya chombo?

Mwana wa Ngamiani
Wana Tanga, salaam alaykum. Maneno ya kuanzisha matembezi mafupi ya boti hapa kwetu yamerudi, na safari hii wamo wenye vyombo. Dakika 45: kutoka ufukweni, kupita mbele ya mji, kuzunguka kisiwa cha Toten, kuchungulia mikokoni, kurudi. Swali langu ni bei. Tulipishe kichwa au chombo kizima?

Miji ya mifereji huko Ulaya kila mmoja una jibu lake. Venice wanalipisha chombo: tangu Novemba 2023 gondola ni euro 90 kwa nusu saa ya mchana, bei imepangwa na mji, muwe wawili au watano, na wa sita hapandi. Bruges, Ubelgiji, wanalipisha kichwa: boti ya wazi, nusu saa, magati matano, unakata tiketi unakaa, kuanzia saa 4 asubuhi mpaka jioni. Mimi niko upande wa kichwa. Baba wa mtaa wa Makorora mwenye watoto watatu hana uwezo wa kukodi boti nzima, na bahari hii ni yake pia.

Na jambo dogo la pembeni: Bruges mtu mmoja anashika usukani na huyohuyo anasimulia, tena kwa lugha mbili tatu. Hapa boti ya abiria kumi ina vijana watatu, wawili wamekaa tu. Gharama nyingine tunajitakia.

Mshika Usukani
«Wawili wamekaa tu.» Ndugu yangu, kaa na wewe ufukweni uangalie vizuri kabla ya kuandika.

Kijana wa omo, yaani mbele ya chombo, kazi yake haianzi mpaka maji yawe haba, ndiyo maana unamwona amekaa. Chombo kikikaribia Toten yeye ndiye anayesimama na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, anapima: ukizama mpaka alama ya juu, twende, ukigusa kiunoni, anainua mkono, mashine inapunguzwa, ukigusa gotini, mashine inazimwa na kuinuliwa, tunasogea kwa upondo. Nahodha aliyeko tezi, kule nyuma, hauoni mwamba ulioko mbele ya omo, abiria kumi wamemkinga. Kisha nani atatupa nanga? Nani ataruka na kamba, ashike chombo kisiyumbe wakati bibi wa miaka 70 anashuka? Nahodha akiacha mkono wa mashine aende mbele, tezi inazunguka na wimbi, rafadha, lile panga la mashine, inaelekea kwenye miguu ya watu.

Huko kwenye mfereji kuna kuta pande zote mbili na maji hayaendi popote. Usilete kipimo cha bwawa baharini.

Hesabu Zangu
Turudi kwenye swali, nalo lina hesabu yake. Boti ya faiba ya futi 23 na mashine ya farasi 15, mwendo wa polepole, dakika 45 inakula kama lita 3. Weka sh 3,000 kwa lita, ni 9,000. Ongeza oili, posho ya watu watatu, akiba ya matengenezo, faida ya mwenye chombo. Tuseme safari isipungue 60,000. Wakiwa kumi kila mmoja 6,000. Wakiwa wanne ni 15,000, na baba wa Makorora ameshabaki nje.

Kasoro ya bei ya kichwa ni kusubiri. Itakuwa kama daladala: «wawili bado, wawili bado», na maji hayamsubiri mtu. Kasoro ya pili ni kubwa zaidi: ukilipisha kichwa, mwenye chombo anashawishika kuongeza vichwa. Kivuko cha MV Nyerere kilizama Septemba 2018 karibu kabisa na gati la Ukara, Ziwa Viktoria, kikiwa kimepakia kupita kiasi, wakafa watu zaidi ya 220. Napendekeza njia ya kati: nafasi kumi zimepigwa rangi kwenye mabenchi, saa ya kuondoka haibadiliki, na chombo hakiondoki chini ya nafasi sita zilizolipiwa. Mkiwa wanne na mna haraka, lipieni sita.

Mwana wa Ngamiani
Mshika Usukani, sikusema vijana ni wavivu. Nimesema gharama. Na ukitaka methali, wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama.

Mshika Usukani
Manahodha, yakhe. Hawakusema mabaharia. Nahodha ni mmoja, wa omo ni baharia, na wa tatu ni msimuliaji wa wageni. Na wahenga haohao walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Methali usiikate ukachukua nusu inayokufaa.

Pwani Ughaibuni
Kuhusu Bruges, niweke sawa. Maji ya mifereji ile yanashikiliwa na milango, kina hakibadiliki kutoka asubuhi hadi jioni, na hatari yenyewe ni madaraja mafupi. Nahodha anakatiza simulizi kuwaambia watu wainamishe vichwa. Kwa hiyo mmoja anatosha. Miezi ya baridi kali hawafanyi kazi.

Lakini hoja ya kwamba baharini mtu mmoja hawezi si kweli kabisa. Venice iko ndani ya wangwa wa maji ya chumvi, maji yanapanda na kushuka kama mita 1, na mpiga gondola ni mmoja na kasia moja upande wa kulia. Gondola ina karibu mita 11. Imechongwa upande, kushoto pana kuliko kulia kwa sentimita 24, ili nguvu ya kasia isiipeleke kombo. Maji yakijaa sana haipiti chini ya madaraja, basi anasubiri. Chombo kimetengenezwa kwa mtu mmoja. Chetu hakikutengenezwa hivyo, na hilo ndilo la kujadili.

Pia huko mawimbi ya boti za mashine yanakula misingi ya nyumba, ndiyo maana mwendo unawekewa kikomo. Amsterdam wameanza mwaka 2025 kuzitaka boti za utalii za katikati ya mji ziwe za umeme. Sisi je, tutapitisha mashine ya kelele kando ya magofu?

Mshika Usukani
Mpiga gondola hashushi mtu kwenye tope. Nimemaliza.

Bi Boma
Hamjamaliza, kwa sababu wa tatu mnayebishana kama alipwe au asilipwe ndiye kazi yenyewe. Mgeni halipi kwa ajili ya lita 3 za petroli. Analipa aelezwe anachokiona.

Msimuliaji hawezi kushika usukani kwa sababu moja tu: akisimulia anawatazama abiria, na anayewatazama abiria ameipa bahari kisogo. Mwaka 1498 Vasco da Gama, na mabaharia wote aliokuwa nao, merikebu ya São Rafael ilimpandia kwenye fungu la pwani hiihii, upande wa Mtangata, akangoja maji yajae ndipo ikanyanyuka. Merikebu nzima! Sembuse boti ya futi 23 ambayo nahodha wake anaeleza habari za Wajerumani.

Na simulizi lenyewe lisiwe la kubahatisha. Mgeni aoneshwe Ras Kasone, aelezwe kwamba Novemba 1914 Waingereza waliteremsha karibu askari 8,000, wengi wao Wahindi, wakashindwa na kikosi cha Wajerumani cha kama watu 1,000, wengi wao askari Waafrika. Aoneshwe bandari, aelezwe kwamba miaka mingi meli kubwa zilitia nanga nje na shehena kuletwa kwa matishari, mpaka kina kilipochimbwa hadi mita 13. Halafu Toten. Neno lile kwa Kijerumani ni wafu, lakini wafu wale walikuwa na mji: misikiti miwili imebaki magofu, na makaburi. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa. Usiruhusu mtu apande ukutani kupiga picha, chokaa ya zamani haishiki kwa kuvutwa. Na mizizi ya miti iliyoingia ukutani isikatwe ovyo, mara nyingine ndiyo inayoushikilia. Asikalie mtu kaburi. Haya ayaseme bado mko majini, wamekaa wanasikiliza. Wakishashuka kila mtu ana simu mkononi.

Chongoleani Kwetu
Bi Boma umesahau nyuki! Hao Wahindi walikimbizwa na nyuki, Wajerumani walitega mizinga ya nyuki kwa kamba.

Bi Boma
Nyuki walikuwepo, risasi ziliwachokoza, wakauma pande zote mbili. Kwamba walitegwa ni hadithi iliyoongezwa baadaye. Hiyo ndiyo sababu nataka msimuliaji aliyesoma, mwanangu. Ukimwambia mgeni nyuki walifunzwa kazi, hata la kweli ulilomwambia kuhusu misikiti hataliamini.

Chongoleani Kwetu
Basi sawa, lakini babu zetu wamesimulia hivyo na wao walikuwepo.

Bi Boma
Kisimuliwe kama walivyosimulia babu, na kisemwe ni simulizi la babu. Sijakataa.

Fundi wa Sahare
Mnagombania watu, mashine hamjaigusa. Boti nyingi za matembezi zinakwama kwa sababu ya vitu vya shilingi kidogo, na nyingi dakika ya tano baada ya kuondoka, abiria ndio kwanza wameanza kupiga picha.

La kwanza ni skurubu ya hewa kwenye kifuniko cha tanki. Ikiachwa imefungwa, mashine inawaka vizuri pwani, inavuta petroli, ndani ya tanki hewa inakwisha, kile kipira cha kusukumia mafuta kinanyauka, mashine inakohoa na kuzima. Kijana asiyejua anavuta kamba mpaka mkono unauma. Legeza skurubu, minya kipira mpaka kiwe kigumu, vuta.

La pili, mchanganyo. Mashine za mipigo miwili nyingi ni 50 kwa 1: lita 20 za petroli, mililita 400 za oili. Ukipunguza ili kubana matumizi, pistoni inakwaruza. Ukizidisha, plagi zinalowa masizi, na moshi unawaingia abiria wa nyuma wakichefuka kabla hata ya wimbi.

La tatu ni maji ya kupozea. Mashine ikiwaka, tazama mchirizi unaotoka pembeni. Mchirizi ukikatika, zima hapohapo, usingoje kufika. Mara nyingi ni mfuko wa plastiki au tope kwenye tundu la kuvutia maji. Na tope linatoka wapi? Linatoka hapo Toten, nahodha mmoja asiye na mtu wa upondo anapoingiza mashine inazunguka kwenye maji haba.

Rafadha ikigonga jiwe pini inakatika ili gia ipone. Ndio kazi ya pini. Beba pini mbili, plagi mbili, koleo, spana ya plagi, kamba ya akiba, na makasia mawili ya kweli.

Mwana wa Ngamiani
Fundi, kwa hiyo nawe uko upande wa Mshika Usukani?

Fundi wa Sahare
Niko upande wa gia. Gia ikivunjika ni mwezi mzima chombo juu ya gogo.

Mwezi Mwandamo
Mwana wa Ngamiani ameandika «kuanzia saa 4 asubuhi» kama Bruges na hamna aliyemshika. Hapo ndipo mpango mzima unaangukia, si kwenye idadi ya vijana.

Bamvua hapa kwetu, yaani siku za maji makubwa, tangu mwezi uandame mpaka siku ya nne, na siku ya 15 mpaka ya 18 hivi, maji yanajaa karibu saa 10 jioni na kupwa karibu saa 4 asubuhi. Tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Saa 4 asubuhi ya bamvua mgeni wako atafika Toten aone tope, mawe na vifaranga vya kaa, na chombo kimekaa mbali na ufuko. Atavua viatu, atazama mpaka kwenye shavu la mguu, na wembe wa chaza utamkata wayo. Huyo harudi, na hamleti mwenzake.

Kila siku maji yanachelewa kwa kama dakika 50. Ikifika siku ya 8 au ya 23 ya mwezi mwandamo ni maji mafu: yanajaa asubuhi, lakini hayapandi sana wala hayakimbii mbali, unaweza kushusha watu karibu wakati wowote kwa uangalifu. Kwa hiyo ratiba ya Tanga haiwi ya saa moja mwaka mzima. Inabandikwa ya wiki mbili, na inaanza na maji. Bamvua mwondoke kati ya saa 8 na saa 11 jioni. Mjue pia kwamba alasiri upepo wa bahari umeshaamka, vijiwimbi vinarusha maji upande wa upepo. Watoto na wazee wakae upande wa pili, simu ziwe mfukoni kwenye plastiki.

Hesabu Zangu
Mwezi Mwandamo umenipa kitu. Kama bamvua kuna saa tatu tu za maji mazuri, chombo kimoja kinafanya safari tatu, hakifanyi nane. Basi 60,000 haitoshi.

Mama wa Mwanzange
Mmeandika yote, maboya hamna aliyeyataja. Jaketi livaliwe kabla ya mguu kuingia chomboni. Lililofungwa kwenye gunia chini ya benchi halimwokoi mtu. Mtoto avae la mtoto kwa uzito wake, lenye mkanda wa kupita katikati ya miguu. Ukimvisha la mtu mzima, akianguka linapanda kichwani yeye anateleza chini. Na ikifika penye picha nzuri wasiinuke wote upande mmoja. Hilo ndilo la kumpa kijana wa omo, Mwana wa Ngamiani: anahesabu vichwa, anakagua mikanda, anasema «kaeni».

Mwana wa Ngamiani
Mama, hilo nalikubali bila ubishi. Kijana wa omo abaki. Nilikosea kuandika «amekaa tu», naomba radhi kwa Mshika Usukani na wenzake. Ila bei bado hamjanijibu, na baba wa Makorora bado yuko ufukweni na wanawe watatu.

Mshika Usukani
Nimepokea, ndugu yangu. Watoto wake watatu wakae benchi la katikati, karibu na mlingoti, pale chombo hakichezi sana. Na mwambie asiwavishe viatu vya kamba; vikinasa topeni mtoto anabaki mguu mmoja na mimi nimeshikilia chombo kwa kamba moja.

Mwezi Mwandamo
Mlingoti kwenye boti ya faiba? Au unazungumzia ngalawa?

Mshika Usukani
Ngalawa, bwana. Ile boti ya mashine hapa nimeiacha. Pwani Ughaibuni ameuliza habari ya kelele kando ya magofu: tanga halina kelele, halina plagi. Umande, ule upepo wa asubuhi utokao nchi kavu, unakutoa, upepo wa bahari unakurudisha.

Fundi wa Sahare
Na siku upepo ukilala mbele ya Toten na abiria kumi?

Mshika Usukani
Ngalawa haibebi kumi. Inabeba wanne, watano.