Mrejesho: vitabu pepe vya maktaba kwa somo la usanisinuru

Niliuliza nitapataje, kwenye vitabu pepe vya maktaba, sura ya usanisinuru ambayo darasa zima litaisoma kwa wakati mmoja. Asanteni, nimepata. Kilichosaidia zaidi ni kufungua rekodi ya kitabu kimoja kizuri (ukurasa wa maelezo yake kwenye katalogi ya maktaba) na kubofya mada iliyoorodheshwa pale. Vikaja vingine vya aina hiyo ambavyo neno nililokuwa naandika lisingevileta. Kikwazo kikawa leseni. Kile nilichokipenda kinaruhusu msomaji mmoja tu kwa wakati, wengine wapange foleni (kitabu pepe, jamani!). Nimechukua chenye leseni ya wasomaji wengi, na nimewapa wanafunzi kiungo cha kudumu kutoka kwenye rekodi. Sasa natafuta chenye michoro inayosomeka kwenye simu.