Muuzaji anataka nitupe kompyuta zote 8 za steshenari. Naombeni ushauri

MzeeWaTona
Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari hapa Dar, huu mwaka wa saba. Kazi ni zile zile: kuchapa, kutoa kopi, kuskani, kuwajazia watu fomu za ajira na mikopo ya vyuo. Nina deskitopu 8 used za Dubai, fotokopi moja kubwa na printa mbili.

Tangu Windows 10 iachwe na wenyewe Microsoft, bila masasisho ya kawaida, tarehe 14 Oktoba 2025, kuna muuzaji ananifuata kila wiki: mashine zako hazipokei Windows 11, toa zote nikuletee mpya kwa mkopo. Huku luku inanimaliza. Na stoo imejaa maiti: monita tatu za chogo, UPS (zile za kushika umeme ukikatika) tano zilizovimba betri, katriji hata sihesabu. Jana kapita kijana wa skrepa na mkokoteni, anataka abebe vyote kwa elfu kumi na tano. Nilishaanza kumtolea, binti yangu wa kidato cha pili akauliza, "Baba, anaenda kuvichomea wapi?" Nikakosa jibu, nikarudisha stoo.

Nataka kupunguza umeme na huu uchafu bila kuua biashara. Nianzie wapi?

FundiWaBodi
Mkuu, usinunue kitu kwanza. Tafuta kile kipimo cha kuchomeka kwenye soketi, uone kila mashine inakula wati ngapi. Deskitopu za umri huo pamoja na skrini mara nyingi hufika wati 100. Piga hesabu: mashine 8, saa 12, siku 26, ni uniti kama 250. Kwa shilingi 356 kwa uniti, unakaribia elfu 89 kwa mwezi. Sasa jiulize, wateja wanakalia ngapi? Kama ni nne, hizo nyingine zinamwakia nani?

Na hiyo ya kutupa zote, hapana. Laptop, kwa mfano, sehemu kubwa ya hewa ukaa yake inatoka kiwandani, kabla hata hujaiwasha. Ukiitupa nzima ili ununue nyingine, moshi wa kiwandani unaulipia mara mbili. Weka SSD (diski ya kisasa yenye kasi), ongeza RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), puliza vumbi.

Mama_Fomu
Nakazia kwa fundi. Kuhusu Windows, Microsoft wametoa nyongeza ya masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026, ila hiyo ni kwa kompyuta za watu binafsi. Za biashara wanauziwa kivyake, soma masharti. Mimi mashine tatu nimezitia Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Kwa fomu za mtandaoni hakuna mteja aliyewahi kushtuka. Shida ni CV! Kijana kaja na faili lake la Word, nikalifungua kwenye LibreOffice, ile programu ya bure mbadala wa Word, picha ikahamia ukurasa wa pili na majedwali yakapasuka. Kanitazama kama mwizi. Kwa hiyo bakiza mbili za kuchapia zenye Windows inayopata masasisho.

MzeeWaTona
Dada, hilo la CV limenichekesha, lakini ndiyo maisha yetu. Na ile stoo je?

JiraniWaSkrepa
Kaka, nimekaa karibu na hao vijana miaka minne. Nyaya wanazichoma wapate shaba, moshi mweusi unaingia hadi chumbani. Betri wanazipasua, tindikali inamwagwa mtaroni, madini ya risasi (lead) yaliyomo wanauza. Siwalaumu sana, ndiyo ugali wao. Ila monita ya chogo nayo kioo chake kina risasi, na hicho hakina mnunuzi, kinaachwa pale pale watoto wanapochezea.

Tuna kanuni za taka za elektroniki tangu 2021. Waulize NEMC, baraza la taifa la mazingira, nani ana kibali cha kukusanya, umpe yeye. Usidharau hizo betri, zina bei yake. Halafu ng'oa hard disk zote, zile zinazohifadhi mafaili, kabla ya chochote kutoka hapo dukani! Steshenari zimejaa skani za vitambulisho na vyeti vya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haitauliza kama ilikuwa skrepa.

Bahari_Kuu
Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu ofisi nyingi hupeleka zao WEEE Centre, kituo cha kuchakata taka za elektroniki, Nairobi. Jambo moja mmelisahau: katriji. Tafuta printa ya tangi la wino, unajaza kwa chupa. Na ile ya leza, kila inapopasha moto inavuta umeme mwingi kwa ghafla.

MzeeWaTona
Wakuu, mrejesho baada ya wiki mbili. Kipimo nimeazima kwa fundi wa mtaani. Deskitopu zangu ni wati 70 hadi 95, siyo mbaya kama nilivyoogopa. Aliyeniliza ni fotokopi: ilikuwa inakunywa wati 110 usiku kucha, imekaa tu inajipasha moto, kwa sababu kijana wangu aliambiwa ikizimwa inaharibika. Nani alimwambia? Mimi mwenyewe, mwaka wa kwanza.

Sasa inazimwa saa mbili usiku. Mashine tano zinabaki, tatu Linux. Hard disk nimezing'oa, ziko kabatini. Muuzaji nimemwambia arudi mwakani. Betri bado ziko stoo, nasubiri mtu mwenye kibali apige simu. Kijana wa mkokoteni kapita tena leo, kapandisha hadi elfu ishirini na tano.

Mama_Fomu
Usimpe!